Jina la Kisiwa, Jina la Watu: Asili ya Neno "Lesbian" na Swali la Mwenye Jina

Mnamo tarehe 10 Juni 2008, mahakama moja mjini Athens ilisikiliza shauri ambalo watu wengi duniani walilichukulia kuwa kichekesho. Watu watatu, mwanamume mmoja mchapishaji wa jarida na wanawake wawili, walikuwa wameishtaki jumuiya ya Wagiriki wanaopenda watu wa jinsia yao. Hawakudai ardhi wala fedha, walidai jina. Waliiomba mahakama iizuie jumuiya hiyo kulitumia neno "lesbian" katika jina lake, kwa hoja kwamba neno hilo ni la kisiwa cha Lesbos na maana yake ya haki ni mtu atokaye kisiwani humo. Mwanamume yule alilalamika kwamba dada yake hawezi kuutaja uzawa wake mbele ya watu bila ya kueleweka vingine. Mwezi uliofuata mahakama ililitupa shauri, ikisema kwamba neno hilo haliwi kitambulisho cha wakaazi wa kisiwa, na kwa hiyo hawawezi kulidai liwe lao peke yao.

Waliocheka walicheka, na hukumu ikapita. Hata hivyo, chini ya kichekesho hicho limelala swali la maadili lisilochekesha hata kidogo: jina ni la nani? Je, ni la yule aliyeitwa nalo kwanza, au la yule anayelitumia leo? Je, mtu anaweza kudhulumiwa jina lake kama anavyodhulumiwa shamba lake? Na ikiwa anaweza, aliyemdhulumu ni nani? Swali hili la mwisho halikuulizwa mjini Athens, ilhali bila ya kulijibu hayo mengine hayajibiki. Na ili lijibike, hapana budi neno lenyewe lifuatwe tangu lilipotoka.

Lesbos ni kisiwa cha tatu kwa ukubwa katika Ugiriki, chenye eneo la kilomita za mraba 1,630 hivi na wakaazi zaidi ya 80,000. Kimekaa kaskazini-mashariki ya bahari ya Aegean, karibu zaidi na pwani ya Uturuki kuliko na Athens, na siku ya anga safi milima ya bara huonekana waziwazi ng'ambo ya maji. Ni kisiwa cha mizaituni, cha dagaa wa ghuba ya Kalloni na cha wavuvi. Mji wake mkuu ni Mytilene, na Wagiriki wengi hukiita kisiwa kizima kwa jina la mji huo.

Katika maandishi ya zamani kabisa yanayolitaja, jina la kisiwa hiki lilikuwa sifa. Katika Iliad, utenzi mkubwa wa Homer, mfalme Agamemnon anapotaka kumpoza shujaa Achilles anamuahidi, miongoni mwa zawadi nyingi, wanawake saba wa Lesbos, mahodari wa kazi za mikono, walioshinda wanawake wote kwa uzuri. Alcaeus, mshairi wa kisiwani, ametaja mashindano ya uzuri ya wanawake yaliyofanyika mahali patakatifu huko huko Lesbos. Terpander wa Antissa, mpiga kinubi wa karne ya 7 kabla ya Kristo, alisifika hadi Sparta, na Wagiriki wakawa na msemo kwamba waimbaji wengine wote huja baada ya mwimbaji wa Lesbos. Divai ya Lesbos nayo ilikuwa na soko kila bandari. Mgiriki wa zama hizo akiulizwa kitu cha Lesbos ni kitu gani, angejibu: wimbo mzuri, divai nzuri, mwanamke mzuri. Lakini tayari katika sifa hiyo kuna jambo la kuangaliwa. Wale wanawake saba wa Homer walikuwa mateka wa vita. Waliosifiwa hawakuulizwa, sifa ilitolewa na waliowamiliki.

Katika kisiwa hicho, kiasi cha mwaka 630 kabla ya Kristo, alizaliwa Sappho, ambaye kwa lahaja yake mwenyewe alijiita Psappho. Miji miwili, Eresos na Mytilene, inamgombania. Alitunga nyimbo za kuimbwa kwa kinubi. Alikuwa na ndugu wa kiume anaowataja katika tungo zake, na binti aitwaye Kleis. Wakati wa misukosuko ya siasa za Mytilene alihamishwa hadi Sisilia. Karne kadhaa baadaye wataalamu wa Alexandria walizikusanya tungo zake katika vitabu ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa 9. Vitabu hivyo vyote vimepotea. Yaliyobaki ni mistari 650 hivi, na shairi moja tu lililo zima, ambalo ni dua kwa Aphrodite, mungu wa mapenzi. Mengine ni vipande vilivyonukuliwa na wanasarufi wa kale, au vilivyookotwa katika majaa ya mji wa Oxyrhynchus nchini Misri tangu mwaka 1897, vingine vikiwa na maneno matatu au manne tu. Mnamo mwaka 2004 huko Cologne, Ujerumani, ilitambuliwa karatasi ya mafunjo iliyolikamilisha shairi lake jingine, juu ya uzee.

Katika vipande hivyo mwanamke anazungumza juu ya mapenzi yake kwa wanawake wenzake, na anawataja kwa majina: Anaktoria, Atthis, Gongyla. Hilo ndilo lililo wazi. Mapenzi hayo yalikuwa ya namna gani, na katika nyumba ya namna gani, wataalamu wamebishana kwa zaidi ya karne mbili. Tangu mwaka 1816 Mjerumani Welcker aliandika kitabu kizima kumtetea Sappho dhidi ya kile alichokiita chuki iliyoenea juu yake. Lakini watu wa kisiwa chake hawakumuonea haya. Sarafu za Mytilene zilichorwa sura yake, na Aristotle katika kitabu chake cha balagha ameandika kwamba watu wa Mytilene walimheshimu Sappho ingawa alikuwa mwanamke.

Basi jina liliharibiwa wapi? Liliharibiwa Athens, mbele ya hadhira ya tamthilia. Mwaka 428 kabla ya Kristo Mytilene iliasi dhidi ya dola ya Athens, na mwaka uliofuata ilishindwa. Mkutano wa raia wa Athens ulipiga kura ya kuwaua wanaume wote wazima wa mji huo na kuwauza wanawake na watoto. Kesho yake walijuta, wakapiga kura mpya, na jahazi la pili likatumwa kwa kasi kulifuata la kwanza. Likafika kwa tabu wakati amri ilipokwisha kusomwa bado haijatekelezwa. Hata hivyo watu zaidi ya 1,000 waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi waliuawa, na ardhi ya waasi ikagawiwa Waathens. Mwaka 422, miaka mitano tu baada ya hayo, Aristophanes aliitoa tamthilia yake ya Nyigu, na ndani yake mna kitenzi kilichoundwa kutokana na jina la kisiwa: "kufanya kama watu wa Lesbos." Kitenzi hicho, alichokitumia tena mwaka 405 katika tamthilia ya Vyura, kilikuwa na maana ya tendo la kitandani ambalo mwanamke humfanyia mwanamume, na ambalo jukwaani lilitajwa kwa dhihaka. Hakikuwa na habari yoyote ya mwanamke na mwanamke. Kilikuwa mzaha wa watawala juu ya watawaliwa.

Jukwaa hilohilo halikumwacha Sappho. Tamthilia za vichekesho zisizopungua 6 ziliitwa kwa jina lake. Katika moja alipewa wapenzi wawili wa kiume, washairi Archilochus na Hipponax, ambao mmoja alimtangulia na wa pili akaja baada yake. Mtunzi hakujali tarehe maadamu watu wanacheka. Menander naye aliigiza hadithi kwamba Sappho alijitupa kutoka jabali la Leukas kwa kumpenda mwanamume aitwaye Phaon. Mchapishaji aliyekwenda mahakamani mwaka 2008 aliitegemea hadithi hiyo, ili kuonyesha kwamba mshairi wa kisiwa alikuwa na mume na mtoto na alikufa kwa ajili ya mwanamume. Hakuona kwamba anamtetea Sappho kwa maneno ya waliomfanyia mzaha.

Mchapishaji huyo alidai pia kwamba neno hilo limehusishwa na wanawake wapendao wanawake kwa miongo michache tu. Historia inasema vingine. Katika karne ya 2 baada ya Kristo mwandishi Lucian alitunga mazungumzo ya makahaba, na mmoja wao anasema kwamba Lesbos wapo wanawake wasiotaka wanaume, wanaokaa na wanawake kama waume. Mwanzoni mwa karne ya 10, Arethas, askofu wa Kaisaria, aliandika katika pambizo ya kitabu cha kale orodha ya majina ya wanawake wa namna hiyo, na mojawapo ni jina la wanawake wa Lesbos. Kwa hiyo uhusiano huo una umri wa zaidi ya miaka 1,000. Lakini mchapishaji ana haki katika jambo moja, ingawa hakulisema hivyo: uhusiano huo haukufanywa na watu wa Lesbos, wala haukufanywa na wanawake wenyewe waliotajwa. Ulifanywa na wanaume waliokaa mbali na wote wawili.

Katika karne hizo wanawake hao walikuwa na jina jingine lililotumika zaidi. Wagiriki waliwaita kwa neno tribas, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kusugua, na Warumi wakalichukua neno hilo lilivyo. Waarabu walisema sihaq, kutokana na mzizi wenye maana ya kuponda na kusaga. Kiswahili kikatumia taswira hiyohiyo: usagaji, msagaji. Ni jambo la kushangaza kwamba lugha tatu za watu wa zama na dini mbalimbali zimekutana katika picha moja. Anayezitazama vizuri ataona kwamba zote zimetazama jambo kutoka nje. Zimekisia tendo, zikalipa jina, kisha zikamwita mtu kwa jina la tendo lililokisiwa. Hazisemi lolote juu ya mapenzi, wala subira, wala miaka ya kukaa pamoja, wala huzuni ya kuachana, mambo ambayo ndiyo hasa yaliyojaa katika vipande vya Sappho. Aidha, hazikumtazama mtu mwingine aliye na jina hilohilo kwa haki. Anayesimama kwenye mashine ya kusaga mahindi na mtama tangu alfajiri, akafunikwa na unga hadi kwenye nyusi, naye ni msagaji, na hajakwenda mahakamani kumshtaki yeyote.

Jina la namna hiyo likiingia katika vitabu vya sheria, halibaki kuwa suala la kamusi. Zanzibar ililitia tendo hilo katika sheria yake ya jinai mwaka 2004, likiwa na adhabu ya kifungo. Hapo neno moja linatosha kuwa tofauti baina ya anayelala kwake na anayelala rumande. Kwa hiyo wanaosema kwamba majina ni maneno tu, wanasema hivyo kwa sababu hawajapewa jina baya.

Katika karne ya 19 neno la kisiwa lilirudi kwa nguvu katika Ulaya, safari hii kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa ushairi. Baudelaire, kabla ya kukiita kitabu chake Les Fleurs du mal, alikuwa ametangaza kwamba kitaitwa Les Lesbiennes. Kitabu kilipotoka mwaka 1857, mahakama ya Paris ilipiga marufuku mashairi 6 yaliyomo, mojawapo likiwa na jina la Lesbos, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1949. Mlango wa pili ulikuwa utabibu. Mwaka 1886 daktari Krafft-Ebing alichapisha kitabu chake juu ya maradhi ya tamaa za mwili, na mwaka 1890 kamusi ya kitabibu ya Marekani iliorodhesha mapenzi ya namna hiyo kwa jina la kisiwa. Lililokuwa mzaha wa jukwaani likawa sasa jina la ugonjwa. Ilipita karibu karne nzima kabla ya chama cha madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani kuliondoa jambo hilo katika orodha yake mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo mwaka 1990.

Mwaka 1955, mjini San Francisco, wanawake wachache waliunda jumuiya ya kukutana kwa siri. Hawakuthubutu kulitumia neno lenyewe. Walijiita Mabinti wa Bilitis, kwa jina la mshairi wa kubuni aliyetungwa na Mfaransa Pierre Louÿs katika kitabu cha mwaka 1894 na kusingiziwa kuwa mwenzake Sappho. Walilichagua jina hilo kwa kuwa mtu wa nje akilisikia angedhani ni chama cha wapenda mashairi. Katika miaka ya 1970 walio wengi waliacha kujificha, wakaanza kujiita lesbian hadharani. Ni vyema kuuliza kwa nini walilichagua hilo, ilhali lilikwisha kutumiwa na wacheza vichekesho na madaktari. Sababu haiko mbali. Katika majina yote waliyopewa, hilo peke yake halikutokana na tendo. Lilitokana na mahali, na katika mahali hapo alikuwako mwanamke aliyezungumza kwa kauli yake mwenyewe. Jina la tendo humwambia mtu kwamba amekamatwa. Jina la mahali humwambia kwamba ana atokako.

Baada ya kulifuata neno hadi hapa, swali la mwenye jina linaweza kuulizwa upya. Jibu la kwanza ni la wale watatu waliokwenda mahakamani: jina ni la aliyetangulia. Jibu hili lina haki ndani yake, na msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda Ugiriki kuielewa. Neno Mswahili limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Ni jina la mahali, kama lilivyo la Lesbos. Leo katika miji mingi ya bara mtu akiambiwa aache uswahili anaambiwa aache ujanja na maneno mengi, na uswahilini ni mtaa wa watu maskini popote pale, hata kama hakuna aliyewahi kuiona bahari. Mtu wa pwani hajapoteza jina lake, lakini kila akilitaja mbele ya wageni hubidi alisafishe kwanza. Vivyo hivyo neno shoga, ambalo mabibi wa Unguja na Mombasa waliitana kwalo kwa mapenzi, sasa likisikika pengine hufuatiwa na kicheko, na wako wanawake walioanza kulikwepa. Dada wa mchapishaji yule anapoona haya kuutaja uzawa wake, haya yake ni ya kweli, wala hastahili kuchekwa.

Hata hivyo, jibu la aliyetangulia haliwezi kusimama peke yake. Majina ya mahali husafiri na hayaombi ruhusa. Kitambaa cha pamba kilicholetwa na majahazi ya Wamarekani kiliitwa merikani katika soko la Zanzibar, na jina likadumu hata kilipokuwa kikifumwa kwingineko. Hakuna Mmarekani aliyeona kwamba ameibiwa. Kwa hiyo kinachouma si kusafiri kwa jina. Kinachouma ni lile lililofungwa pamoja nalo njiani.

Jibu la pili ni la mahakama: jina ni la matumizi. Neno likishazoeleka kwa maana fulani, hakuna awezaye kulirudisha nyuma kwa amri. Kwa sheria jibu hili ni sahihi, na hukumu haikuweza kuwa nyingine. Lakini kwa maadili ni jibu la baridi. Ikiwa jina ni la wanaolitumia kwa wingi, basi katika mwaka 422 jina la Lesbos lilikuwa la hadhira ya Athens, na katika mwaka 1890 lilikuwa la madaktari. Matumizi hueleza neno lina maana gani leo. Hayaelezi kama lilifika hapo kwa haki.

Jibu la tatu linaweza kuchotwa Lesbos kwenyewe. Aristotle aliishi kisiwani humo kwa muda, kiasi cha mwaka 345 kabla ya Kristo, akichunguza viumbe wa baharini katika ghuba yake. Katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako anazungumzia insafu, yaani haki inayotazama hali ya jambo lenyewe pale ambapo sheria ya jumla haikuliona. Kwa mfano anataja kipimo cha waashi wa Lesbos. Kilikuwa cha risasi, madini laini yanayopindika. Rula ya chuma hubaki imenyooka, na jiwe lisilolingana nayo huhesabiwa kuwa na kasoro; kipimo cha risasi hulifuata jiwe umbo lake, na mwashi akajua mahali linapostahili kukaa ukutani. Hivyo ndivyo, anasema Aristotle, hukumu inavyopaswa kuyafuata mambo.

Shauri la mwaka 2008 lilipimwa kwa rula ya chuma: ama jina ni lao ama si lao. Likipimwa kwa kipimo cha risasi linaonekana kwa umbo jingine. Upande mmoja yuko mwanamke wa kisiwani, ambaye hudhaniwa kuwa asivyo, na hakuna aliyemuuliza. Upande wa pili wako wanawake ambao kwa miaka zaidi ya 2,000 wameitwa wasuguaji, wasagaji na wagonjwa, na hakuna aliyewauliza, mpaka wao wenyewe walipochagua jina moja miongoni mwa mengi waliyotupiwa. Malalamiko ya pande mbili hizi ni mamoja, nayo ni kuitwa bila ya kuulizwa. Na aliyewatendea ni mmoja, yule anayekaa katika viti vya mbele akicheka. Waliodhulumiwa na mkono mmoja walikutana mahakamani wakashtakiana wao kwa wao, na mwenye mkono hakuitwa.

Jambo hili lina matokeo katika mwenendo. Dada wa mchapishaji huona haya kwa sababu watu wanawadharau wanawake wanaoitwa kwa jina linalofanana na lake. Dharau hiyo ikiondoka, kitakachobaki ni utata mdogo wa lugha, wa namna unaomalizwa kwa sentensi moja ya ziada. Kinyume chake, jina likirudishwa kisiwani na dharau ikabaki, dharau itajitafutia jina jingine kabla ya jua kutua. Kwa hiyo mwenye kutaka heshima ya jina la kisiwa chake hana njia fupi kuliko kuwaheshimu wale walioitwa nalo. Wajibu upo upande wa pili pia. Anayejiita kwa jina la Lesbos anapaswa kukumbuka kwamba mahali hapo si ndoto ya mashairi peke yake. Pana watu hai, wenye nyavu na mizaituni yao, na misikiti na makanisa ya kale, na mazishi na harusi.

Mambo hayo si ya kinadharia. Tangu miaka ya 1970 wanawake kutoka nchi mbalimbali wamekuwa wakifika Skala Eressos, pwani ya mji wa kale wa Eresos, kwa kuwa ndiko anakosemekana kuzaliwa Sappho. Mwanzoni palikuwa na minong'ono na ugomvi. Baadaye wenye mikahawa na nyumba za wageni waliwazoea, wengine wakapangisha, wengine wakauziana viwanja na kuwa majirani, na tangu mwanzoni mwa karne ya 21 pamekuwa pakifanyika tamasha la wanawake mwishoni mwa kiangazi. Pale kijijini swali la mwenye jina lilijibiwa kwa kuamkiana asubuhi, kabla ya mawakili wa Athens kuvaa majoho yao.

Na jina la kisiwa halikukoma kupata maana mpya. Mwaka 2015 watu wapatao 500,000, wengi wao Wasiria na Waafghani, walivuka maji kutoka Uturuki kwa mashua za mpira na kufika katika fukwe za Lesbos. Wavuvi waliacha nyavu wakaenda kuwaokoa. Mabibi wazee walionekana wakiwapakata na kuwanywesha watoto wa wageni. Kisha kambi ya Moria ikafurika, na watu wakateseka humo kwa miaka, hadi ilipoteketea kwa moto Septemba 2020. Kwa watu hao, miongoni mwao wakiwamo Wasomali na Wakongo, Lesbos ni jina la ufuko ambao mtu alifika akiwa hai, au jina la hema alilosubiri ndani yake. Hakuna aliyesema kwamba maana hiyo inawaibia wenyeji jina lao, wala kwamba inamfuta Sappho.

Mwezi Februari 2024 Bunge la Ugiriki lilipitisha sheria ya ndoa kwa watu wa jinsia moja, na miongoni mwa raia waliohusika wamo wanawake wa Lesbos walio lesbian, ambao kwao ugomvi wa mwaka 2008 haukuwa na upande. Mwanamke wa namna hiyo akiulizwa jina ni la nani, hana haja ya kuchagua. Anatoka katika kisiwa hicho kwa maana zote mbili. Kilicho haki ni aulizwe kwanza yeye mwenyewe anapenda kuitwaje, na jibu lake lisikilizwe hadi mwisho. Hilo ndilo ambalo Agamemnon hakuwafanyia wale wanawake saba, wala Aristophanes, wala madaktari wa karne ya 19. Kulifanya leo hakuhitaji sheria mpya wala kamusi mpya, na linafaa kufanywa Athens, Mytilene, na kila mahali ambapo mtu huitwa na wengine kabla hajasema.